Mama Ashika Usukani

Ukingoni mwa Mto Lena,
Desemba 4, 1996

Kaka yangu mpendwa Prokopi,

Salamu zangu zinatoka kwenye baridi kali, natumaini zitakufika zikiwa zimeyeyuka. Hujambo wewe? Wifi na watoto wazima? Na kifua chako, kimeacha kukusumbua? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na kugomba anagomba vizuri zaidi.

Najua unangoja habari mbili tu: kama nimemfikishia gari la marehemu Baba yule mnunuzi uliyempata ng'ambo ya mto, na kama Mama amekubali kuja kukaa kwako huko kusini. Nakuomba usome taratibu, usirukie mwisho.

Nilipomweleza Mama kwamba gari linauzwa, hakubisha. Aliuliza tu kama nina akili timamu, kutaka kulivusha mto likiwa uchi. Nikamwambia ni safari ya siku moja, mnunuzi atajua mwenyewe la kufanya. Akaniambia gari la baba yetu haliendi kwa watu kama yatima, akaingia banda la gari.

Kaka, nilikuwa namsaidia huku nacheka moyoni. Alichana viatu vyote vya sufu vya Baba, akavishona na manyoya ya farasi kuwa blanketi la injini, nene kama godoro. Alibandika kioo cha pili juu ya kila dirisha, akiacha nafasi ndogo katikati ili pumzi zetu zisigande kiooni. Akanituma nimwage oili ya kiangazi, nitie nyepesi. Mbele ya rejeta akafunga boksi gumu. Betri tulilala nayo ndani karibu na jiko kama mgeni. Nilipovuta breki ya mkono alinipiga kofi mkononi. “Ivute, mwalimu wangu, uikute imeganda mpaka Mei!”

Sikujiuliza amejifunzia wapi. Nilidhani ni kumtazama Baba miaka yote ile.

Barabara ya barafu juu ya mto ulioganda ilipofunguliwa kwa magari madogo tukaondoka, mimi nikiendesha. Ilikuwa nyuzi arobaini na saba chini ya sifuri, na gari likawaka mara moja. Tulipoteremka mtoni jua lilikuwa limetoka na wenzake wawili wa uongo ambao baridi kali huwachora angani, moja kila upande, yote matatu yanang'aa juu ya ule weupe usio na mwisho. Nimezaliwa hapa, lakini nilisahau kupumua. Tulifungua mikanda, milango tukaiacha bila kufunga loki ili turuke nje barafu ikipasuka, tukaenda mwendo wa ng'ombe.

Katikati ya mto barafu ikanguruma. Si mlio wa kawaida, Kaka. Ulianzia mbali upande wa juu, ukapita chini ya viti vyetu, ukaishia kusikojulikana. Mguu wangu ukakanyaga breki wenyewe. Gari likasimama. Nikaona ufa unakimbia mbele yetu, mwembamba kama uzi, na mikono yangu ikagoma.

“Usisimame!” Mama akapaza sauti. “Barafu haipendi mtu anayefikiri. Sogea!”

Sikusogea. Basi mama yako, mwenye miaka sitini na nane na viatu vya manyoya hadi magotini, alinipanda kama ngazi, akanisukumia upande wa pili, akashika usukani. Akafungua mlango kidogo, akatoa kichwa nje, akasikiliza. Kisha akatia gea, akauzunguka ule ufa polepole, anabadilisha gea bila hata kutazama, mpaka tukapanda ukingo wa pili. Nilikuwa namtazama kama mtu niliyekutana naye asubuhi hiyo.

Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akaniambia. Kaka, Mama alikuwa dereva wa lori. Misimu miwili ya baridi kabla hujazaliwa alivusha unga na mafuta kwenye mto huu, yeye na rafiki yake Daria, lori kwa lori. Siku moja ya Machi barafu ikamfungukia Daria mbele yake. Mama aliona taa za nyuma zikizama. Tangu siku hiyo hakugusa usukani.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akijisifu kila sherehe kwamba yeye ndiye aliyemwokota mkewe barafuni, akilia kando ya sleji ya farasi iliyovunjika? Aliyeokotwa ni Baba. Mama ndiye aliyemkuta, akampandisha kwenye lori. Baada ya Daria, Baba akaigeuza hadithi, akaisimulia kwa makelele na vichekesho, ili mtu yeyote asije akamuuliza Mama habari za mto. Miaka arobaini, Kaka! Na sisi tulimwita mwongo mtaani.

Mnunuzi alikuwa anatungoja. Alilizunguka gari, akafunua boneti, akapapasa blanketi, akasema hajaona gari lililovishwa hivi. Akanyoosha mkono apewe funguo. Mama akazitia ndani ya mkono wa koti lake. “Haliuzwi, kijana. Ukitaka kushonewa blanketi kama hilo, lete viatu vyako.”

Kwa hiyo nakiri: gari sikuliuza, na wala sikumzuia Mama. Wakati wa kurudi aliendesha yeye. Pale katikati alipunguza mwendo, akafungua mlango, akamrushia Daria chapati mbili za maziwa, akamwambia asamehe, amechelewa. Nililia, machozi yakaganda kwenye kope. Yeye hakulia. Alikuwa anatazama yale majua matatu.

Huko kusini haji. Anasema uje wewe Januari, na usihangaike na teksi, atakuja uwanja wa ndege kukupokea mwenyewe. Nilimkumbusha kwamba leseni yake ilikwisha zamani. Akanijibu kwamba mto haujawahi kumuuliza leseni.

Msalimie wifi, wabusu watoto, waambie bibi yao anawashonea glovu. Vaa vizuri ukija.

Ni mimi mdogo wako,
Fevronia