Fundi Ameshindwa Kutunga Uzi

Mama, dada,

Nimempeleka baba hospitali. Jiko nimezima.

Nilikuwa bafuni nikiwasikia mkicheka: "Fundi mzima, uzi unamshinda!" Mkono umelegea, mdomo umeenda upande, maneno hayaeleweki, nanyi mnamchua mafuta, kisha haoo, mkaenda sokoni! Eti kaulalia mkono. Hicho ni kiharusi! Kila dakika ya kuchua ilikula ubongo wake.

Vidonge vyake vya presha nimevikuta kwenye kopo la vifungo, vimejaa. Alijisikia mzima, akaacha kumeza. Presha haibishi hodi!

~~Msije.~~ Njooni, mje na vidonge.

Dada, daktari atauliza dalili zilianza saa ngapi, dawa inategemea hilo. Wewe ndiye uliyecheka wa kwanza. Piga simu, uitaje saa.

Kitinda mimba wenu, mnayemwita mshairi wa makelele