Funga Jicho la Kushoto

Wyoming, 26 Mei 2024

Kwa binti yangu Wacera, Mama yangu mdogo,

Pokea salamu kutoka ng'ambo, kwenye upepo. Mimi ni mzima. Natumaini wewe na bibi yako, Cucu, ni wazima, na kwamba yule ng'ombe ameacha kumpiga teke anayemkama. Kambini hakuna mtandao, kwa hivyo kalamu itatutosha.

Nina habari. Mwenye kambi anataka niache kazi ya kutunza farasi, niwe mtazamaji. Wawindaji wakija Oktoba, mtazamaji hukaa kilimani alfajiri na darubini, amtafute swala, aseme ni dume au jike, na nyuma yake kuna nini. Nikifaulu jaribio la Septemba, kazi ni yangu kila msimu. Nikishindwa, mkataba wangu utaishia hapo.

Kila mtazamaji hujinunulia darubini. Ile niliyokuwa nayo nikiwa askari wa wanyama kule Aberdare ilikuwa ya msituni. Kwenye mianzi mnyama yuko hatua thelathini tu. Huku nchi iko wazi kama kiganja. Dukani kuna 8x42, 10x42 na 15x56. Wewe unasoma fizikia. Nichukue ipi?

Baba yako,
Muchiri

Mweiga, 22 Juni 2024

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi hatujambo. Ng'ombe ametulia tangu Cucu aanze kumwimbia nyimbo za kanisani. Niko nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula.

Nilimsomea Cucu barua yako nikiitafsiri kwa Kikuyu. Akasema, "Ati Muchiri aliyekuwa akiwashika wawindaji, sasa anawaonyesha mnyama alipo? Mwulize kama atajishika mwenyewe." Hata mimi ningependa kujua, Baba. Uwindaji unaruhusiwa huko?

Kuhusu darubini, nilimwuliza Mwalimu Wamae wa fizikia. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni, na alfajiri unauhitaji mwingi. Hapo ile ya 8 inashinda. Ile ya 15 inaona mbali zaidi, lakini inakuza pia mtetemo wa mikono, na wewe umesema kuna upepo. Bila kisimamo cha miguu mitatu itakusumbua. Mimi naona uchukue 10x42, uketi chini, uweke viwiko juu ya magoti. Lakini zijaribu zote kwanza, uniandikie ulichoona.

Binti yako,
Wacera

Wyoming, 14 Julai 2024

Kwa Mama yangu mdogo,

Hamjambo huko? Mimi naendelea vizuri, ila midomo imepasuka kwa upepo. Mwambie Cucu sitajishika. Huku kuna kibali, mtu mmoja mnyama mmoja, na askari wa wanyama huja kukagua. Mmoja wao alikuja juzi, nikamshika mkono muda mrefu mpaka akashangaa.

Nilizijaribu zote tatu. Kila moja ilikuwa na ukungu kidogo, kama dirisha la jikoni Cucu akichemsha githeri. Nadhani ni vumbi la duka. Nikachukua 10x42 kama ulivyosema.

Wiki iliyopita nilitangaza kwamba kuna swala dume amesimama kando ya ua. Alisimama vizuri sana. Baada ya nusu saa alikuwa bado amesimama. Ilikuwa nguzo iliyofungwa gunia. Sasa wenzangu wananiita Nguzo. Labda nirudishe hii, nichukue ile ya 15.

Baba yako,
Muchiri

Mweiga, 8 Agosti 2024

Kwa Baba mpendwa,

Natumaini midomo imepona. Cucu yuko mzima, na viazi tumepata vizuri. Alicheka sana kwa habari ya nguzo. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaisoma tena barua yako.

Shule zimefungwa, kwa hivyo nilienda Nyeri mjini kwa Mzee Yasin, fundi wa saa na miwani. Nilimweleza habari ya ukungu. Akaweka chini bisibisi yake. "Binti, kioo kimoja kikiwa na ukungu, laumu kioo. Vitatu vikiwa na ukungu uleule, mlete mwenye macho."

Alinifundisha. Jicho la kulia likiwa limefungwa, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Kisha usiguse tena gurudumu hilo. Funga jicho la kushoto, na uzungushe pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Kwa jicho zima, pete itafika mahali picha iwe kali. Ikifika mwisho na ukungu bado upo, shida si darubini.

Nilimweleza Cucu. Akasema, "Ule mwanzi uliompiga jicho la kulia msituni. Alisema si kitu."

Baba, wewe huniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako. Sijawahi kulitumia jina hilo kukuagiza jambo. Leo nalitumia. Funga jicho la kushoto, kisha uniandikie ukweli.

Mama yako,
Wacera

Nyeri, shuleni, 22 Septemba 2024

Kwa Baba,

U hali gani? Cucu ni mzima. Nimehesabu wiki sita na hakuna barua. Sitauliza tena swali lile. Kila asubuhi kabla ya kengele nafunga jicho langu la kushoto na kuutazama mlima kwa la kulia. Leo ulikuwa wazi mpaka kileleni.

Binti yako,
Wacera

Wyoming, 20 Oktoba 2024

Kwa Mama,

Nisamehe kwa ukimya. Mimi ni mzima sasa, na naomba Mungu nanyi mko vivyo hivyo.

Nilikutii siku ileile barua ilipofika. Pete ilienda mpaka mwisho, nikairudisha mpaka mwisho wa pili. Ukungu. Sikuandika kwa sababu nilikuwa nikijua hata kabla ya darubini. Tangu mwaka jana nageuza kichwa kidogo nikisoma. Nilitaka nipite jaribio kwanza.

Siku ya jaribio nilimpata swala dume, kweli dume. Mwenye kambi akauliza, "Nyuma yake kuna nini?" Nilitaka kusema hakuna kitu. Lakini siku ya risasi nyuma yake huenda kukawa na mtu. Nikasema, "Sijui. Jicho langu la kulia halioni."

Kazi alipewa mwingine. Kesho yake mwenye kambi alinipeleka hospitali mwenyewe. Daktari alitaja neno gumu, na aliponieleza nikajua ni mtoto wa jicho. Nilicheka, akadhani naogopa. Ningemwelezaje kwamba mtoto huyo alishagunduliwa na mama yangu, aliye Kidato cha Tatu?

Walimtoa. Mkataba wangu haukukatwa; msimu huu ninawapikia wawindaji chai. Mwenye kambi anasema atanijaribu tena mwakani. "Mtu aliyeniambia haoni," alisema, "siku akiniambia ameona, nitamwamini."

Jana daktari aliniruhusu kutumia darubini. Leo alfajiri nilipanda kilimani, nikafunga jicho la kushoto, nikazungusha pete. Ilisimama katikati. Ile nguzo bado ipo kando ya ua, na gunia lake limeshonwa kwa uzi mwekundu.

Mwanao,
Muchiri