Shemeji Anajenga Nyumba Bila Kujua Kuwa Ni Yangu

Mpendwa Bi Koulsoum, naomba msaada wako kabla mvua hazijaanza, maana zikishaanza jambo lenyewe litakuwa limekwisha na ushauri hautakuwa na kazi. Nakuandikia kwa Kiswahili alichonifundisha bibi yangu mzaa mama, kwa kuwa hapa kwetu Mahajanga tunasema Kikomoro na Kimalagasi, na nikiandika kwa lugha isiyo ya nyumbani haya zangu zinapungua, ingawa si sana. Nina miaka kumi na saba, nimeacha shule mwaka huu, na jina langu nimelibadilisha, niite Nadjati.

Sisi asili yetu ni Komoro, na kwetu baba humjengea binti nyumba, mume ndiye anayehamia. Baba yangu alianza nyumba huko Amborovy, upande wa uwanja wa ndege, kwa ajili ya dada yangu Rabiata, lakini dada alimkataa mchumba aliyechaguliwa akaolewa na Soilihi, mpishi, akamfuata kwao Nosy Be, na baba akasema mbele ya mama na mjomba Tadjiddine kwamba nyumba sasa ni yangu mimi, kisha akafariki kuta zikiwa zimefika kwenye madirisha, na tangu hapo hakuna aliyegusa tofali.

Mwaka jana hoteli aliyopikia shemeji ilifungwa, akapata kazi nyingine huku, akaja na dada na watoto watatu, na mama akawaambia wakae kwenye ile nyumba kwa muda, wakafunika chumba kimoja kwa turubai, nami nikapelekwa kumsaidia dada kulea. Shemeji alianza kujenga Jumapili ya kwanza. Hakuwahi kujenga kitu maishani, anachanganya saruji kama anayekanda unga, ukuta wa kwanza ulianguka naye akausimamisha tena, sasa anajua kutumia timazi na zege lake halipasuki. Watoto wanabeba mchanga kwa makopo ya maziwa. Echata, ambaye ana miaka minne, alichezea chokaa mikono ikachubuka, na baba yake alilia zaidi yake. Wanawake wanaopita kwenda bombani humchokoza, "Bwana mpishi, ukuta wako utaiva lini?" naye hujibu, "Ukinukia, lete sahani," wote wakacheka, na mimi hucheka pia, kisha nakumbuka.

Kwa sababu yeye anaamini nyumba ni ya mke wake. Dada alimwambia, "Baba aliianza kwa ajili yangu," na hilo ni kweli, lakini yaliyofuata hakumwambia. Nilipomwuliza alikuwa anafua, hakuinua hata kichwa.

"Usimwambie. Akijua ataweka vifaa chini, na wanangu watanyeshewa."

"Basi ataambiwa lini, dada?"

"Ikishaezekwa. Nani atakuwa na moyo wa kuwatoa watoto watatu chini ya bati?"

Nikaenda kwa mama, mtaa wa Tsaramandroso. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mwache amalize, mkwe anatusaidia. Akimaliza tutaijibu posa ya Djaanfar, wewe utaingia nyumbani kwako, na dada yako na wanawe watakuja kukaa hapa na mimi." Kwa hiyo mama anangojea bati na dada anangojea bati, kila mmoja kwa sababu yake, na wakikutana wanazungumzia bei ya samaki.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Mabati ni ghali, na shemeji ameamua kwenda Nosy Be mwisho wa mwezi ujao kumwuzia kaka yake Attoumane fungu lake la milangilangi, ile miti ya maua ya marashi aliyoachiwa na mama yake, ili aezeke nyumba yote kwa mara moja. Hana urithi mwingine. Juzi mtoto wake mkubwa, Anli, alimwuliza, "Hapa mimi, hapa Echata, na mama mdogo atalala wapi?" Shemeji akasema, "Mama mdogo atajengewa nyumba yake, na fundi nitakuwa mimi. Bure. Atanilipa chai." Nilikuwa nimeshika karai la mchanga. Nikalitua, nikaingia ndani.

Nikimwambia nitakuwa nimemsaliti dada na nimemvunjia mama heshima, na pengine ndoa itavunjika, nisipomwambia atauza miti yake aezeke nyumba ya mtu mwingine, na mtu huyo ni mimi. Watu wazima wananiambia ninyamaze. Je, msichana wa umri wangu ana haki ya kusema?

Niite Nadjati, Mahajanga.

*

Nadjati mwanangu,

Haki unayo. Mwenye nyumba ni wewe. Baba yako alisema mbele ya mashahidi, na hata mama yako anayakubali maneno hayo kila anapokutajia Djaanfar. Sasa mwenye nyumba anamwona mtu akimjengea kwa jasho la Jumapili zake, anamletea mchanga, na ananiuliza mimi kama anaruhusiwa kufungua mdomo!

Nakuonea huruma, kwa sababu waliokutia katika jambo hili ni wakubwa zako. Mama yako amepata fundi wa bure na anauita huo msaada. Dada yako anajificha nyuma ya watoto wake. Nawaelewa wote wawili, na wote wawili wanakosea. Lakini na wewe usijione mtazamaji. Siku shemeji yako akirudi na mabati hutaweza tena kusema ulikuwa mtoto.

Jambo jingine. Umenieleza bati, mchanga na milangilangi, ila hukuandika hata neno moja kama unamtaka Djaanfar. Usinijibu mimi. Mjibu mama yako, siku nyingine, na usiliingize katika mazungumzo haya. Hili lina haraka, lile halina.

Fanya hivi. Leo mwambie dada yako kwamba kabla ya Jumapili amweleze mumewe yeye mwenyewe. Ndoa ni yake, mpe nafasi ya kuiokoa kwa mdomo wake. Atalia, na atakutajia watoto. Mwambie hukuja kuwafukuza watoto, kisha usiseme zaidi. Jumapili ikifika hajasema, mwendee mjomba wako Tadjiddine, aliyeyasikia maneno ya baba yako, uje naye Amborovy mchana, dada yako akiwepo. Usimwambie shemeji yako mkiwa peke yenu. Watu wana midomo.

Usikimbilie kuitoa nyumba kwa sababu ya haya. Huenda mwishowe ukampa dada yako, na huenda mjomba akaona watoto wakae mpaka mvua zipite, na shemeji arudishiwe alichokwisha kutoa. Yote hayo yanaweza kupangwa mkiwa mmekaa kitako. Miti ikishauzwa, hakuna kikao kitakachoirudisha.

Na kwa kuwa wewe ni mwenye haya, nakupa maneno kabisa, uyakariri njiani. Usianze na habari za zamani, usianze na kuomba radhi. Sema: "Shemeji, usiuze milangilangi. Nyumba hii baba aliniachia mimi, na dada anajua." Kisha unyamaze. Atakasirika, na ana haki. Usimtulize na usikimbilie jikoni. Keti hapo mpaka amalize maswali yake yote, na kila swali ulijibu.