Matofali ya Suhaila

Asma shoga, mwambie mwanao Hafiz aache kufyatua matofali. Aache leo leo.

Suhaila wangu katoka mkutanoni kwa sheha. Miaka mitatu mwanangu anafyatua tofali moja moja, mchanga akijibebea kichwani, ili wanawe watoke kwenye kile kibanda cha udongo kinachovuja.

Leo wamesomewa sheria mpya ya nyumba. Tofali lisilo na muhuri wa kiwanda halijengi nyumba ya kuishi watu. Na aliyeisoma ni bwana wa kiwanda cha matofali. Ofisa wa ujenzi kakaa pembeni tu.

Suhaila kauliza, "Bwana, sheria hii kaiandika nani?"

"Wataalamu, mama."

"Wataalamu gani?"

"Sisi."

Sisi, Asma. Kasema mbele ya watu wala hakuona haya.

Kisha kamwambia, "Hayo yako kajengee banda la ng'ombe." Watu wakacheka. Ng'ombe mwenyewe hana.

Karudi, kavua buibui, kachukua ndoo. Hivi sasa yuko uani anayamwagia maji matofali ya jana, yasije yakapasuka.

Mie nimeshindwa kumwambia aache.