Mtoto wa Nyuma ya Pazia

Kisiwa cha Takawiri,
kupitia Posta ya Mbita,
Kaunti ya Homa Bay.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Phelesia,

Pokea salamu zetu kutoka huku ziwani, mimi na shemeji yako Omwenga. Sisi hatujambo. Omwenga alilazwa na malaria mwezi wa sita lakini amepata nguvu, na sasa analalamika tu kwamba chakula hakitoshi, kwa hiyo najua amepona. Wewe na baridi ya Edmonton huko Kanada mnaendeleaje? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa sababu ya kuwainua wazee kazini umetulia? Ile picha ya theluji niliwaonyesha wanafunzi wangu, na mmoja akataka kujua watu wa huko huanika wapi dagaa wao wa omena.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nikakata kabla hujapokea. Mambo haya siwezi kuyasema huku nikihofia mtandao utapotea katikati. Nivumilie mwandiko.

Unakumbuka nilikwambia kwamba tangu Januari nafundisha watoto ngoma kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Walikuwa ishirini na wawili, na bora kuliko wote ni msichana wa miaka kumi na miwili anayeitwa Phanice. Mwezi wa tano alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka ng'ambo ya ziwa, akaniuliza kama nina watoto wenye ulemavu darasani. Nikamwambia kisiwa hiki hakina mtoto wa namna hiyo. Sikusita hata kidogo, Phelesia. Hapa unazunguka kwa miguu asubuhi moja ukarudi kabla chai haijapoa, na shuleni hapa nimefundisha miaka minne. Aliniangalia tu, akasema, "Sawa, mwalimu. Ukimpata mmoja, nipigie."

Siku zile Phanice alikuwa na maswali ya ajabu. Nikifundisha hatua mpya, ananyoosha mkono. "Mwalimu, hii mtu akiwa amekaa atafanya aje?" Siku nyingine, "Na kama magoti haikunjuki?" Wenzake walikuwa wakicheka. Mimi nilidhani ananichezea, na Jumamosi moja nikamwambia kama amechoka kusimama aende akakae nyumbani. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Jumatatu baada ya masomo nikaenda kwao kuomba radhi. Nyumba yenyewe iko nyuma tu ya kanisa. Mama yake anaitwa Nyangi, Mkuria wa Kehancha aliyeolewa hapa na mvuvi mmoja, Omondi. Naijua nyumba hiyo. Nimekula ugali pale sebuleni mara nne, labda tano, nikiwa nimeupa mgongo mlango wa ndani wenye pazia la maua.

Nilipiga hodi, hakuna aliyeitika. Lakini ndani nilisikia mtu akihesabu hatua, na sauti ilikuwa yangu. Namaanisha ilihesabu kama mimi, na ule mkwaruzo wangu wa koo: "Moja, mbili, bega, bega, usiangalie chini." Nikajua Phanice ananiigiza. Nikaingia sebuleni nikafunua pazia ili nimfumanie.

Phanice alikuwa amesimama akicheza. Anayehesabu alikuwa mtoto mwingine. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umeegemezwa gunia, miguu miembamba imekunjwa chini yake, na mabega yake yalikuwa yanacheza ohangla, ile ngoma ya kwetu. Phelesia, mimi ni mwalimu wa ngoma na sijaona mabega kama yale. Aliponiona hakushtuka. Aliniangalia vizuri, kisha akasema, "Wewe ndio Mwalimu Roselyn. Nilifikiri wewe ni mrefu."

Nikakaa sakafuni. Anaitwa Irine. Ana miaka tisa. Kila Jumamosi ananisikia kupitia ukuta, na Phanice akirudi humwonyesha alichokisikia. Majina ya watoto wote ishirini na wawili anayajua, na anajua nani hukosea wapi, kwa sababu mimi huwakaripia kwa majina.

Nyangi alirudi kutoka ziwani na ndoo kichwani. Aliponikuta pale aliitua polepole, akafunga mlango wa mbele kwa komeo, halafu akakaa nami sakafuni.

"Mwalimu, sasa umeona," akasema. "Unataka nifanye nini?"

Nikamuuliza kwa nini. Nadhani nilimuuliza kwa ukali.

"Alipozaliwa mashua ya Baba Phanice ilipinduka, shemeji yangu akafa maji. Mama mkwe akasema nimeleta mkosi wa kwetu. Akasema huyu mtoto akionekana, watu hawatasema kingine. Nikasema sawa, nitamweka ndani mpaka maneno yaishe. Ikawa mwaka, ikawa miwili. Sasa nikimtoa, mtu ataniuliza alikuwa wapi. Nitamjibu nini?"

Nilitafuta hasira yangu nikakosa pa kuiweka. Yule mtoto alikuwa amepakwa mafuta, nywele zimesukwa mistari midogo sana, gauni limepigwa pasi. Niambie wewe, mtu anampigia nani pasi gauni ambalo hakuna atakayeliona?

Nikamwomba amlete Jumamosi. Akakataa. Akanishika mkono, akaniapisha kwamba sitasema. Nikaapa, nikaenda nyumbani, na siku tano nzima nilikuwa nikiunguza mboga. Omwenga akaniuliza nina nini nikamwambia kichwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi, tukiwa tumeanza kujipasha moto, watoto wakageuka wote kwa pamoja. Nyangi alikuwa mlangoni amembeba Irine mgongoni kwa leso mbili, msichana wa miaka tisa, miguu ikining'inia. Hakupita njia ya nyuma. Baadaye niliambiwa kwamba alizunguka kupitia ufukweni, mbele ya wanawake wote wanaoanika omena. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake. Akasema, "Nimechoka kujificha. Huyu ni Irine wangu."

Wamama wawili waliokuwa wamesimama dirishani waliingia, wakawashika watoto wao mikono, wakatoka.

Sasa sikiliza aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeweka kiti pembeni, karibu na ngoma, na juu yake kayamba, nikitumaini tu. Nilijiona mwema sana. Nikamwambia Irine atakaa pale atupigie kayamba. Phanice akaja mbele yangu, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Mwalimu, Irine hapigi kayamba. Anacheza."

Nikatoa kiti. Nikawaambia watoto wote wakae chini, na mimi nikakaa. Sikujua nifanye nini baada ya hapo, kwa hiyo nikamwambia Irine atuonyeshe. Dada, wale wanaoruka juu kama mbuzi hawakuweza kitu. Ukiwanyang'anya miguu wanabaki magogo, na mimi pia. Irine alitutazama kwa subira, halafu akasema, "Mnasukuma na shingo. Sukumeni na mgongo." Mvulana mmoja akapinduka akijaribu, na Irine akacheka mpaka akakohoa. Nyangi alikuwa mlangoni. Aliposikia kicheko kile katikati ya watu alijifunika uso kwa leso.

Nikampigia yule mtaalamu siku hiyohiyo. Aliniambia niache kutafuta mahali pa kumweka kila mtoto. Nianze ngoma na kile ambacho wote wanakiweza, ndipo kila mmoja aongeze lake. Niliona ni maneno ya semina. Jumamosi iliyofuata yalinifaa, kwa sababu bibi mmoja kutoka upande wa pili wa kisiwa alimleta mjukuu wake Cephas, wa miaka saba, ambaye haoni. Nyuma yake akaja msichana anayeitwa Scovia ambaye hasikii kabisa. Watatu, Phelesia. Watatu katika kisiwa hiki, na mimi nilisema hakuna hata mmoja.

Tulilaza kamba ya nyavu sakafuni kwa duara, Cephas akaifuata kwa nyayo bila kushikwa mkono. Mpiga ngoma tukamhamishia mbele ili Scovia aone mikono yake. Hatua zote za kwanza tunacheza tukiwa tumekaa. Kuna siku inavurugika. Cephas akichoka anang'ata, na Scovia akikasirika anatoka nje. Lakini wanakuja.

Omondi alikuwa bado kwenye kambi ya wavuvi wakati haya yanaanza. Aliporudi, habari zilimpokea ufukweni kabla hajafunga mashua, na akaja moja kwa moja ukumbini. Ni mtu mkubwa, hana maneno, nami nilijua leo nitatukanwa. Alisimama mlangoni. Irine alikuwa katikati ya duara akiwaongoza wenzake. Alipomwona baba yake akaganda. Ngoma ikanyamaza.

Omondi akaniambia, "Sikujua anajua kucheza."

Nikafikiri nimesikia vibaya. "Baba Phanice, unaishi naye."

"Mimi nikirudi huwa amelala," akasema. Kisha akaangalia chini. "Nilikuwa naomba nimkute amelala."

Akaketi kwenye benchi la nyuma, na buti zake bado zina maji. Tukaendelea.

Siku ya kufunga muhula tulicheza mbele ya wazazi. Omondi ndiye aliyembeba Irine mpaka katikati ya uwanja, mchana kweupe, akamkalisha kwenye mkeka, akamnyooshea gauni. Mama mzazi wa Omondi hakuja, na mpaka leo hasemi na Nyangi. Mmoja wa wale wamama wawili amemrudisha mtoto wake. Mwingine hajamrudisha.

Jioni hiyo nilimpigia Mama kule Uriri. Nilikuwa na furaha inayomwagika. Nikamweleza yote, pazia, mkeka, jinsi Irine anavyotikisa bega moja kisha lingine kama anajikung'uta maji. Nilitegemea atacheka.

Badala yake akasema, "Onyango pia alikuwa akifanya hivyo na mabega."

Nikamuuliza, "Onyango gani?"

"Muulize Phelesia. Yeye ndiye alikuwa akimlisha."

Akakata simu. Nimempigia kila siku tangu hapo. Ananiambia habari za mahindi, habari za kwaya, na nikitaja jina hilo anasema ng'ombe amekata kamba.

Nyamera, dada yangu, nina miaka thelathini na minne, na maisha yangu yote nimejua kwamba tumbo la mama yetu lilituzaa wawili tu. Wewe unanizidi kwa miaka tisa. Omwenga anasema labda Mama anachanganya mambo, ni uzee. Lakini Mama hachanganyi mambo, wewe unajua.

Sikuandikii kukulaumu. Kama ulikuwa ukimlisha, ulikuwa mtoto, na labda wewe pia uliapishwa kama mimi nilivyoapishwa sakafuni kwa Nyangi. Nataka tu kumjua. Alikuwa kaka yangu au mdogo wangu? Alikuwa na sura ya nani? Alikuwa akikaa chumba gani, kile tulichoweka mbegu? Amelazwa wapi, mbona sijawahi kuona kaburi? Niandikie hata kama ni mistari mitano. Ukishindwa kuandika, piga simu ulie tu, nami nitakaa nikusikilize mpaka salio liishe.

Msalimie shemeji Bichage na watoto. Omwenga anakusalimu, na Nyangi pia, ingawa hamjuani. Nilimwambia nina dada na akasema nikufikishie. Mungu wetu akulinde huko ugenini, autulize mgongo wako na moyo wako, na atupe uhai tuonane nyumbani.

Muhula mpya ukianza nitaingia tena ukumbini na kukaa chini na watoto wale. Kabla ya siku hiyo, dada, niambie Onyango alikuwa akicheza wimbo gani.

Mdogo wako anayekupenda, na anayekusubiri,
Roselyn