Pijo la Baba Mkwe

Jumapili, Majengo

Hatukwenda tena. Nilishavaa kitenge kipya, Deo wangu akaigonga sakafu ya gari, pijo la marehemu baba yake, kwa bisibisi, ikatoboka kwa kutu. Mara ya tatu tangu harusi tunamwahidi mama yangu kule Mwazye kwamba tutakwenda kumwona.

"Twende na basi, mpenzi," nikamsihi.

"Mke wangu, niliapa nitakufikisha Mwazye kwa gari la baba."

Nikapiga simu. "Shikamoo mama. Hatuji."

"Marahaba. Kuku nimeshamchinja," akasema.

Deo akanikumbatia, nywele zimejaa vumbi la kutu, mzuri hadi nikataka kulia. Nampenda mno, na gari lake nalichukia.

Kesho naenda peke yangu. Bibi harusi akirudi kwao bila mume, majirani watasema nimeachika. Waseme.