Unene wa Unywele Mmoja

Jumapili, 4 Oktoba 1987

Risasi ishirini leo, bega linaniuma, nina raha! Bunduki yangu inapiga pale pale ninapoiambia. Wanawake wengine walipewa pete kwa miaka thelathini na tano ya ndoa. Mimi Lyle amenipa bunduki, tena ya risasi aliyoibuni mwenyewe akaiita Nadine, jina langu. Alinitengenezea kwa siri kiangazi hiki — siri gani, karakana iko hatua ishirini kutoka jikoni kwangu!

Risasi ya Nadine haiuzwi dukani. Unachukua ya kiwandani, .30-06, hiyo ndiyo mama. Unaipiga ndani ya chemba — pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu — iliyopanuliwa kidogo, ganda linavimba, linatoka na mabega mapya. Huyo ndiye mtoto. Huku milimani Lemhi risasi za namna hii tunaziita paka-mwitu. Hazina kiwanda, zina baba tu.

Wendell Tuttle alikuja na yake. Jirani yetu, na rafiki wa Lyle tangu wakiwa wanaiba tufaha pamoja. Lyle alimtengenezea wiki ile ile aliyotengeneza yangu. Wendell aliinama kuokota maganda yake moja moja kwenye majani. Huyo hatupi shaba hata kidogo. Lyle akamwambia akifa tutamzika nayo. Wendell akajibu: mnizike na yenu pia, nitayajaza tena huko huko.

Jumanne, 6 Oktoba

Nilikaa mezani kujaza maganda yangu. Baruti upande mmoja, fataki upande wa pili, supu ya maharage jikoni inachemka. Maganda haya nimeshayapiga mara tatu.

Kuna mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako. Kwenye moja, nikapuuza. Kwenye la pili. La saba! Nikachukua kibanio cha karatasi, nikakikunja ncha, nikapapasa ndani ya ganda. Ncha ikanasa kwenye mfereji. Nikakata ganda moja kwa msumeno, kwa urefu. Ukuta wa shaba pale umekonda, unakaribia kutoboka.

Sikukaa bure na fundi bunduki miaka yote hii. Ganda likikaa huru ndani ya chemba, moto hulivuta urefu kila linapopigwa. Siku moja linakatika vipande viwili, na moto unarudi nyuma. Nyuma ndiko kuliko na uso wa mtu.

Lyle aliingia, akanibusu kichwani, akala supu. Lile ganda nilikuwa nimelificha mfukoni mwa aproni.

Jumatano, 7 Oktoba

Lyle kaenda posta. Nikaingia karakana kama mwizi.

Vipimo viwili vya chuma, vya kupimia kina cha chemba, vinafanana kama mapacha. Kimoja cha mama, kimoja cha mtoto alichokichonga Lyle kwa mkono wake. Cha mtoto ni kifupi kwa sehemu nne za elfu za inchi. Unene wa unywele mmoja! Jicho halioni tofauti, bolti tu, komeo la bunduki, ndiyo inayoiona. Bunduki ya mtoto inatakiwa ifunge kwenye kipimo kifupi na ikatae kile cha mama. Ikikataa, ndipo risasi ya kiwandani inabanwa vizuri shingoni, haina pa kuchezea.

Nikaweka kifupi ndani ya bunduki yangu. Bolti ikafunga. Nikaweka cha mama, nikaomba Mungu ikatae.

Ikafunga. Laini kabisa.

Kwa hiyo Lyle alikata chemba yangu kwa kipimo cha mama. Lyle! Mtu anayepima hata mahindi shambani.

Nimesimama pale nikiangalia droo ya vipimo, ndipo nikakumbuka. Aprili niliisafisha. Zamani kipimo cha mama kilikaa peke yake kwenye trei, cha mtoto kwenye kopo la tumbaku pembeni. Mimi nikavifuta mafuta, nikavipanga vyote kwenye kisanduku kimoja, nikajisifu sana. Lakini majina yamechongwa juu ya kila kipimo! Mwenye macho anasoma tu.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Mzee wangu hasomi. Anapapasa. Anajua kila chombo kwa mahali kilipo. Gazeti aliliacha mwaka juzi, akasema habari zote ni upuuzi. Pasaka alitia chumvi kwenye kahawa, akainywa yote akisema ni tamu. Mimi nikacheka! Nimelia kidogo, juu ya mashine yake ya kukereza, nikafuta na tambara lake.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nilitaka kumwambia asubuhi. Akaniletea jamu ya cheri-mwitu niipendayo, ya kwa dada yake. Nikashindwa.

Nikataka mchana. Alikuwa anaimba.

Woga mtupu. Msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, unafunguliwa Jumamosi, na Wendell, ambaye bunduki yake ilikatwa wiki moja na yangu, maganda yake ameshayapiga mara nne, alijisifu mwenyewe Jumapili. Kesho asubuhi, lazima.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimeweka lile ganda lililokatwa kando ya sahani yake, karibu na mayai.

Alilichukua. Hakulitazama — alipitisha ukucha wa dole gumba ndani, taratibu, hadi ulipofika kwenye mfereji. Ukasimama. Uso wake ukabadilika, na mimi nikataka kumnyang'anya lile ganda nimwambie mzaha tu, kula mayai.

"La nani hili?"

"Langu. Bunduki yangu inafunga kwenye kipimo cha mama, Lyle. Nimejaribu mwenyewe."

"Haiwezekani. Kopo la tumbaku ni la mtoto. Sijawahi kukosea kopo."

"Kopo nililitoa Aprili, niliposafisha. Vipimo niliviweka pamoja."

Akaisukuma sahani mbali.

"Na wewe bibie na usafi wako," akasema. Halafu: "Hukujua. Ungejuaje? Sikukwambia."

"Tangu lini?"

"Maandishi madogo, mwaka wa tatu huu. Sura yako naiona vizuri ukikaa karibu. Basi nikaona mambo bado si mabaya."

Mjinga wangu mpenzi! Nilimzunguka nikamkumbatia kichwa hapo hapo kitini, mayai yakapoa. Nilikuwa na hasira naye na nilimpenda, vyote pamoja, sikujua kipi kianze. Ndipo akashtuka, akanisukuma.

"Wendell!"

Nikapiga simu. Akapokea Bernice, mkewe. Nikamuuliza Wendell yuko wapi.

"Kaondoka alfajiri na farasi wawili, shoga, kambini juu. Mbona unahema hivyo?"

Nikamwambia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kachukua maganda yale yale, mapya ameyaacha kabatini ili yasichakae.

Lyle keshavaa koti. Mlangoni akasimama, akatoa funguo za pikapu mfukoni, akanipa. Miaka thelathini na tano sijawahi kuendesha gari lile yeye akiwa ndani. Nami sikumtania.

Jumamosi, 10 Oktoba

Naandika ndani ya gari, daftari gotini.

Theluji ilitukamata njiani jana, tulitambaa hadi barabara ilipoishia. Gari la Wendell lipo hapa, trela ya farasi tupu, nyayo zimefunikwa. Tukalala tumekaa, blanketi moja. Lyle alinishika mkono hadi kulipokucha. Alisema akirudi atakwenda Boise kwa daktari wa macho. Nikamuuliza ni kweli? Akasema niendeshe mimi.

Saa moja kasoro tukasikia mlio. Mmoja. Ulitoka juu, upande wa misonobari. Wendell akimpata elki kwa risasi moja harudii, hivyo mlio mmoja unaweza kuwa furaha tupu, au ganda limekatika. Lyle alikuwa anahesabu kwa midomo, akingoja wa pili. Haukuja.

Tumepiga honi. Tumepiga tena. Nimefunga kamba za buti zangu na zake. Tutafuata njia ya farasi, yeye atashika mkanda wangu kwa nyuma.

Sasa hivi ameufuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja. Anaonyesha kule juu, penye weupe. Ananiuliza: lile pale ni mti au mtu?

Nimetazama vizuri, halisogei. Nimemwambia mti.

Akasema haya. Aliniamini hivyo hivyo, yeye aliyebishana nami miaka yote hata juu ya rangi ya farasi.

Mti umeinua mkono. Mmoja. Wa salamu au wa kuita msaada, kwa umbali huu hata mimi sioni. Lyle anauliza nini, nini — keshafungua mlango